Dalili ya Mvua ni Mawingu. Ya Baridi Kali ni Nini?

(Haya ndiyo maneno niliyoyasema mkutanoni. Nimeyaandika yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha.)

Waheshimiwa, wazee wangu, ndugu zangu, hamjambo?

Kila mwaka, majani ya miti yakianza tu kubadilika rangi, swali huwa ni lile lile. Huuliza mkulima, huuliza dereva wa lori, huuliza mama mwenye mtoto mchanga: je, baridi ya safari hii itakuwa kali? Nimelisikia swali hili miaka mingi na sijalichoka hata siku moja, kwa sababu anayeuliza ana jambo moyoni. Anataka kujua apasue kuni kiasi gani. Anataka kujua mifugo auze sasa au asubiri. Anataka kujua kama mzee wake anayeishi peke yake ahamishwe kabla theluji haijafunga njia.

Wahenga walituachia neno: dalili ya mvua ni mawingu. Hebu tulitazame vizuri neno hili. Kwa nini wingu ni dalili ya mvua? Si kwa sababu linafanana na mvua. Ni kwa sababu mvua imo ndani yake. Maji yatakayokulowesha jioni yako pale juu asubuhi hii, unayaona kwa macho. Basi leo, kila dalili ya baridi itakayoletwa mbele yetu, tuiulize swali moja tu: wingu lake ni lipi? Baridi imo ndani yake, au tumeifananisha tu?

Tuanze na kiwavi.

Amerika ya Kaskazini kuna kiwavi mwenye manyoya, mweusi mbele, mweusi nyuma, na katikati amefungwa mshipi wa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Mwili wake una pingili 13. Watu wa huko husema kwamba kiwavi huyu anajua. Mshipi ukiwa mpana, baridi itakuwa pole. Weusi ukizidi, jiandae. Ukimgusa hujikunja mviringo kama kifungo cha koti, akatulia kiganjani bila kutikisika, mpaka aridhike kwamba hatari imepita. Kisha hujikunjua polepole, akaendelea na safari yake kana kwamba hukuwepo.

Mwaka 1948, Dakta Howard Curran, msimamizi wa wadudu katika Jumba la Makumbusho ya Historia Asilia la Marekani, jijini New York, aliamua kuacha kubishana na watu na kuhesabu. Alikwenda Bear Mountain, kaskazini mwa jiji, akaokota viwavi wengi kadiri alivyoweza kwa siku moja, akahesabu pingili za kahawia za kila mmoja, akatafuta wastani, na utabiri wake ukatoka gazetini. Akarudia hivyo kwa miaka kadhaa, hadi 1956. Wastani wake ulikuwa kati ya pingili 5.3 na 5.6, yaani kahawia ilizidi theluthi ya mwili, na baridi za miaka ile zilikuwa pole kuliko kawaida. Watu wakashangilia. Lakini yeye mwenyewe alijua kwamba viwavi aliowaokota walikuwa wachache mno kuthibitisha chochote. Namheshimu sana kwa hilo.

Sasa tumuulize kiwavi: wingu lako ni lipi? Kiwavi huyu anapokua hujivua ngozi mara kadhaa, na kila akijivua weusi hupungua, kahawia huongezeka. Kwa hiyo mwenye mshipi mpana ni yule aliyeanguliwa mapema na akala vizuri. Mshipi wake unaeleza masika yaliyopita, yaani majira yanayofuata baridi, yalianza lini, na kiangazi, yaani majira ya joto, kilikuwa na malisho gani. Ndugu zangu, kiwavi hasemi uongo. Anasema kweli tupu, ila anasimulia yaliyopita, na sisi tunamsikiliza kana kwamba anazungumzia yajayo. Ni vivyo hivyo kwa vichaka vinavyojaa matunda mekundu, ambavyo watu wa Ulaya huvisoma kama onyo la baridi. Matunda yamejaa kwa sababu maua yalijaa, na maua yalijaa kwa sababu hali ya hewa ya miezi iliyopita iliyaruhusu.

Lakini kabla hatujamwacha, tazameni anachofanya baridi ikifika. Huingia chini ya majani makavu, akaganda. Anaganda kweli, anakuwa mgumu kama kijiti. Ndani ya mwili ametengeneza gliseroli, inayozuia barafu isipasue chembe hai zake. Masika yakirudi anayeyuka, anatambaa, na mwishowe anakuwa nondo. Hufanya hivyo baridi iwe pole au iwe kali. Sisi tumemgeuza mtabiri, naye hakuwahi kutabiri. Anachojua ni kujiandaa, na hujiandaa kila mwaka kwa baridi mbaya kuliko zote. Shikeni jambo hilo, nitalirudia.

Kuna pia yule mnyama mnene wa jamii ya kindi, ambaye huko Punxsutawney, Pennsylvania, hutolewa shimoni kila tarehe 2 Februari tangu mwaka 1887, watu waone kama atakiona kivuli chake. Akikiona, baridi imebakiza wiki sita. Ni sherehe nzuri na watu wanaipenda. Kivuli, hata hivyo, kinategemea jua la asubuhi ile moja, mahali pale pamoja. Hakina wingu. Tusonge mbele.

Je, baridi ya miezi mitatu ina wingu lolote? Liko wapi? Jibu linashangaza: sehemu yake kubwa iko mbali kabisa na theluji, kwenye maji ya vuguvugu ya ikweta.

Mwaka 1904 mwanahisabati Mwingereza, Gilbert Walker, alifika Uhindi kuongoza vituo vya hali ya hewa. Miaka michache kabla, mvua za monsuni zilikuwa zimekosekana na njaa ikaua watu wengi mno. Kazi yake ilikuwa moja: atafute njia ya kujua mapema kama mvua itakuja. Walker hakuanza na nadharia. Alikusanya vipimo vya mgandamizo wa hewa, vya mvua na vya joto kutoka pembe nyingi za dunia, akavilinganisha kimoja kimoja, kwa mkono, mwaka baada ya mwaka. Akaona jambo ambalo hakulitafuta. Mgandamizo wa hewa ukipanda upande mmoja wa Pasifiki hushuka upande wa Bahari ya Hindi, kisha hugeuka, kama watoto wawili wanaobembea kwenye ubao. Na bembea hiyo iliambatana na baridi ya magharibi mwa Kanada! Mtu anatafuta mvua ya Uhindi, anaokota baridi ya Kanada. Wenzake wengi hawakumwamini, kwa sababu hakuweza kueleza kinachousukuma ubao. Alifariki mwaka 1958 bila kupata jibu.

Jibu lilikuja mwaka 1969, kwa mtaalamu Jacob Bjerknes: kinachosukuma ni bahari. Kwa kawaida pepo za ikweta huyasukuma maji ya moto ya Pasifiki kwenda magharibi, upande wa Indonesia. Pepo zikilegea, maji hayo hurudi mashariki, na tunasema El Niño imeingia. Zikizidi nguvu, ni La Niña. Maji ya moto yakihama, ngurumo na mawingu makubwa huhama nayo, na hewa inayopanda huko huisogeza mikondo ya upepo wa juu inayoamua hewa baridi ya ncha ya kaskazini ya dunia itelemkie wapi. Ndiyo maana wakati wa El Niño kaskazini mwa Marekani na magharibi mwa Kanada kwa kawaida hupata baridi pole, na wakati wa La Niña kaskazini hukaza huku kusini mwa Marekani kukiwa na joto na ukavu.

Hilo ndilo wingu. Bahari hupoa polepole, hupata joto polepole. Joto lililomo Pasifiki mwezi Oktoba bado litakuwemo Januari. Mtabiri anapolisoma, anasoma kitu ambacho tayari kipo.

Ulaya nayo ina ubao wake wa kubembea. Karne ya kumi na nane mmishenari Hans Egede Saabye, aliyekaa Greenland, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba baridi ikiwa kali Denmark huwa afadhali Greenland, na kinyume chake. Leo tunajua sababu: ni tofauti ya mgandamizo wa hewa kati ya Iceland na visiwa vya Azores. Tofauti ikiwa kubwa, upepo wa bahari hupuliza kuelekea Ulaya na kuleta uvuguvugu na mvua. Ikiwa ndogo, mlango unaachwa wazi kwa baridi ya mashariki. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba ubao huu hautabiriki. Mwaka 2014 watafiti wa Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza walionyesha kwamba unatabirika kwa kiasi, miezi kadhaa kabla. Uhusiano wa utabiri na kilichotokea ulikuwa 0.62, ambapo 1 ni kupatia kila mara na sifuri ni kubahatisha. Si haba. Lakini si 1.

Kwa nini si 1? Kwa nini tusinunue kompyuta kubwa zaidi tukamaliza shida?

Msimu wa baridi wa mwaka 1961, mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz alikuwa kwenye chuo kikuu cha MIT, Marekani, akiendesha kielelezo kidogo cha hali ya hewa kwenye kompyuta. Siku moja alitaka kurudia sehemu ya hesabu. Badala ya kuanza mwanzo, alichukua namba kutoka karatasi iliyochapwa awali, akaiingiza: 0.506. Akaenda kunywa kahawa. Aliporudi baada ya saa moja hivi, mashine ilikuwa imeshatoa hali ya hewa ya miezi miwili, na haikufanana kabisa na ile ya kwanza. Akadhani mashine imeharibika. Haikuwa imeharibika. Ndani yake namba kamili ilikuwa 0.506127, karatasi ilichapa tarakimu tatu tu. Tofauti hiyo ndogo, ndogo kuliko kosa la kipimajoto chochote, ilitosha kuibadilisha kesho yote.

Ndiyo maana hakuna mtu, nasema hakuna, anayeweza kukuambia leo kama theluji itaanguka siku fulani miezi mitatu ijayo. Ukiona tangazo lenye tarehe namna hiyo, lifunge. Baada ya wiki mbili hivi, hali ya hewa ya siku moja moja hutoweka machoni petu.

Najua mnachotaka kuuliza. Kama wiki ya tatu hamuijui, miezi mitatu mtaijuaje? Fikirini chungu cha maji motoni. Huwezi kusema kiputo kijacho kitaibuka wapi. Lakini ukiona kuni zimeongezwa, unajua maji yatachemka zaidi. Kiputo ni hali ya hewa ya siku. Moto ni bahari. Utabiri wa msimu hukuambia habari za moto.

Na hukuambia kwa lugha ya bahati, lugha ambayo wengi huipokea vibaya, kwa hiyo nitatua hapa kidogo. Chukueni mfuko wenye mawe tisa. Matatu meusi, ni misimu ya baridi kali. Matatu meupe, ni ya kawaida. Matatu mekundu, ni ya joto. Ukiingiza mkono bila kuangalia, kila rangi ina nafasi sawa. Anachofanya mtabiri wa msimu ni kutoa jiwe moja jeusi na kutia jekundu. Sasa yako meusi mawili, meupe matatu, mekundu manne. Anatangaza: kuna uwezekano mkubwa zaidi wa joto. Magazeti yanaandika: hakuna baridi mwaka huu! Kisha mkono unaingia mfukoni, unatoka na jeusi. Je, mtabiri amedanganya? Mawe meusi yalikuwemo, naye alisema yamo.

Tena kumbukeni mfuko wenyewe unabadilika. Dunia inazidi kupata joto, na "kawaida" tunayolinganisha nayo sasa ni wastani wa miaka 30, 1991 hadi 2020. Mawe mekundu yameongezeka kila mahali. Meusi hayajaisha.

Nataka sasa niwapeleke Texas.

Oktoba 2020, La Niña ilikuwa imeingia. Watabiri wa serikali ya Marekani wakatoa mwelekeo wa msimu: kusini, pamoja na Texas, uwezekano mkubwa ni joto kuliko kawaida. Ulikuwa utabiri wa haki, umesoma wingu lake vizuri. Desemba ikapita. Januari ikapita. Katikati ya Februari hewa ya ncha ikashuka moja kwa moja mpaka Ghuba ya Mexico. Tarehe 16 Februari 2021, uwanja wa ndege wa Dallas na Fort Worth ulipima nyuzi 19 chini ya sifuri, baridi ambayo haikuwahi kuonekana pale kwa zaidi ya miaka 70.

Visima vya gesi vikaganda. Mitambo ya umeme ikaganda, ya gesi, ya makaa ya mawe, ya upepo, hata kinu kimoja cha nyuklia kikazimika. Umeme ukaanza kukatwa ili kuokoa gridi, yaani mtandao mzima wa umeme wa jimbo, na baadhi ya waliokatiwa ni mitambo ya kusukuma gesi, gesi ile ile iliyotegemewa kuzalisha umeme. Ilibaki dakika 4 na sekunde 37 gridi nzima ianguke, jambo ambalo lingeacha jimbo gizani kwa wiki nyingi. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zilikosa umeme. Hesabu rasmi ya jimbo ni watu 246 waliofariki. Wengine waliganda vitandani mwao. Wengine walivuta moshi wa magari na majiko waliyowasha ndani ili wapate joto.

Naomba mnisikilize hapa. Watabiri wa siku chache waliiona baridi ile ikija takriban wiki moja kabla, wakasema kwa sauti. Na Februari 2011, miaka kumi tu nyuma, mitambo ya Texas ilikuwa imeganda vilevile, na wachunguzi wa serikali kuu wakaandika ripoti ndefu: ifungeni mitambo dhidi ya baridi. Sehemu kubwa haikufungwa. Kwa hiyo waliouawa Februari ile hawakuuawa na kosa la utabiri. Msimu unaweza kuwa wa joto kwa wastani na bado ukawa na wiki moja inayoua. Wastani hauingii nyumbani kwa mtu. Kinachoingia ni ile wiki. Kiwavi chini ya majani makavu alikuwa ameshatengeneza gliseroli yake. Mabomba ya gesi hayakuwa na kitu.

Kati ya miezi mitatu na siku saba pana pengo, na pengo hilo tumeanza kulichungulia. Juu sana, kilomita kama 30 kutoka ardhini, wakati wa baridi huzunguka kimbunga kikubwa cha hewa baridi kuizingira ncha ya kaskazini. Mwaka 1952, huko Berlin, Richard Scherhag alirusha puto za vipimo akaona jambo lililomshangaza: huko juu joto lilipanda ghafla, makumi ya nyuzi ndani ya siku chache, katikati ya majira ya baridi. Leo tunajua kwamba joto hilo huambatana na kuvunjika kwa kimbunga kile, na mara nyingi kikivunjika, baridi ya ncha hutawanyika kuelekea kusini wiki kadhaa baadaye. Kilivunjika tarehe 12 Februari 2018. Kabla mwezi haujaisha, theluji ilianguka Roma. Si kila mara hutokea hivyo, na nawasihi msimwamini anayesema ni kila mara. Lakini wiki mbili za onyo ni nyingi kwa mtu anayejua la kufanya nazo.

La mwisho, na ndilo lililonifanya nikubali kuja hapa.

Tumekuwa tukisema baridi kali, baridi kali, kana kwamba ukali wote uko kwenye kipimajoto. Waulizeni wafugaji wa Mongolia. Wana neno lao, dzud, na hawamaanishi nyuzi. Wanamaanisha msimu ambao mifugo hufa kwa wingi. Ipo dzud nyeupe, theluji ikiwa nene hata mnyama asiifikie nyasi. Ipo nyeusi, theluji isipoanguka kabisa, mifugo ikakosa cha kulamba na ikafa kiu. Ipo ya chuma, theluji ikiyeyuka kidogo kisha ikaganda, ardhi ikafungwa na barafu ngumu. Na mara nyingi dzud haianzi msimu wa baridi. Huanza kiangazi, mvua ikikosekana. Nyasi zinakuwa haba, kondoo anaingia kwenye baridi akiwa mbavu nje, hana mafuta ya kuchoma. Baridi ambayo mwaka jana angeistahimili, mwaka huu inamwangusha. Msimu wa 2009 hadi 2010 Mongolia ilipoteza zaidi ya moja ya tano ya mifugo yake yote. Familia zilizokuwa na kundi zikaamka hazina kitu, zikahamia pembezoni mwa mji mkuu.

Mnaona? Hapa unaweza kutabiri ukali wa baridi mwezi Agosti, kwa kutazama nyasi na mgongo wa kondoo. Huyo kondoo ni wingu kweli, kwa sababu udhaifu utakaomuua Februari tayari umo mwilini mwake.

Na wapo walioufanyia kazi ujuzi huo. Kwa majira ya baridi ya 2017 hadi 2018, wataalamu wa Mongolia walichora ramani ya hatari wakitumia vitu vile vile: hali ya malisho, mvua za kiangazi, theluji, idadi ya mifugo, utabiri. Shirika la Msalaba Mwekundu likatoa msaada kwa wafugaji wa maeneo yaliyopakwa rangi ya hatari kabla mifugo haijaanza kufa kwa wingi. Hebu fikirini mfugaji yule. Miaka yote msaada humkuta akihesabu mizoga. Safari ile ulimkuta zizini, kondoo wake wakiwa bado wamesimama, na fedha mkononi za kununua nyasi kavu.

Kwa hiyo mkiniuliza leo kama baridi ijayo itakuwa kali, nitawajibu kwa kuwauliza. Pasifiki mmeitazama? Kimbunga cha juu mtakifuatilia Januari? Utabiri wa siku saba nani atausoma kila asubuhi, na akiuona mbaya atampigia nani simu? Na mabomba yenu, mifugo yenu, wazee wenu wanaoishi peke yao, wanaingia kwenye msimu huu wakiwa na mafuta kiasi gani mwilini?

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Naona mikono imeshaanza kuinuka. Tuanze na mama yule pale nyuma.